Eti Mtoto wa Mwaka Mmoja Hajui Vita

Wiki iliyopita mgeni mwingine aliyetutembelea katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, alimtazama mtoto wa miezi 18 aliyepakatwa na mama yake, akashusha pumzi na kusema, "Afadhali huyu, bado mdogo, hatakumbuka chochote." Kauli hiyo nimeisikia kwa wafadhili, kwa wauguzi na kwa wazazi wenyewe, na safari hii nimeona heri niandike kuliko kununa.

Ni kweli kwamba mtoto huyo hatakuja kusimulia. Matukio ya kabla ya miaka mitatu kwa kawaida hayabaki katika kumbukumbu ya mtu mzima, na hilo sina ubishi nalo. Ninachokikataa ni dhana kwamba kisichosimulika hakikumgusa. Ubongo wa umri huo ndio kwanza unajengwa, na mwili unaokaa miezi mingi katika hali ya tahadhari, homoni za msongo zikiwa juu na asiwepo mtu wa kumtuliza, huizoea tahadhari hiyo kana kwamba ndiyo maisha yenyewe. Usingizi hukatika, chakula hakipandi, na maneno huchelewa.

Mtoto yule alisifiwa kambini kwa kuwa mtulivu. Siku moja sufuria ilianguka kwenye sakafu ya saruji, wenzake wote wakaangua kilio, naye akakakamaa, akang'ang'ania pindo la kitenge cha mama yake bila kutoa sauti wala kugeuka kuangalia kilichoanguka. Majirani walimwita mtoto mwema. Mimi mtoto wa umri huo asiyelia hunitia wasiwasi kuliko anayepiga mayowe, kwa sababu anayelia bado anatarajia kwamba kuna mtu atakuja.

Zile nguzo tano za malezi jumuishi, yaani mambo matano anayohitaji mtoto mdogo ili akue vyema, sizirudii. Kila aliyepita kwenye semina ya MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) anazijua. Ninachoomba ni tuache kuikimbilia nguzo ya ujifunzaji kwa kugawa vitu vya kuchezea vya plastiki, huku malezi yenye mwitikio, yaani kumjibu mtoto anapolia au kuashiria haja yake, yakiachwa kuwa mstari mmoja kwenye ripoti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, wataalamu wa saikolojia ya watoto waliokuwa wakiendesha vituo vya kulelea watoto jijini London, waliona kwamba mabomu yenyewe mara nyingi yaliwavuruga watoto wadogo kwa kiasi kidogo kuliko kutenganishwa na mama zao. Mama mwenye utulivu ni ngao. Lakini mama yule alivuka Ziwa Tanganyika akitokea Fizi, mashariki mwa Kongo, akiwa amezika watu wake, na kumwambia "cheza na mwanao" kabla ya kumuuliza yeye analalaje ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tulianza naye: akakaa na akina mama wenzake wakichambua maharage, akasemeshwa, akaanza kusema. Mchezo wa kuficha uso kwa kitenge ulikuja wiki kadhaa baadaye.

Nawaudhi pia wa upande wa pili, wanaomwona kila mtoto wa kambini kuwa ameharibika kisaikolojia. La hasha. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na baadhi ya akina mama tunaowahudumia walizaliwa humo humo. Wengi wa watoto wao wanahitaji chakula cha kutosha, mtu wa kuwajibu wanapobwabwaja, na mahali salama pa kutambaa, wala hawahitaji mshauri nasaha.

Sasa niseme ambalo vitabu vya mafunzo hulikwepa. Yule mtoto leo hulia akianguka, na ameanza kutaja vitu, ila sijui kama ni kazi yetu. Katikati ya vikao vyetu mama mdogo wa mtoto huyo aliwasili kutoka Kongo, akahamia kwao, na ndiye anayembeba mgongoni kutwa nzima akimwimbia. Kwenye fomu ya tathmini kuna kisanduku cha kuandika "afua iliyoleta mabadiliko", yaani hatua yetu iliyomsaidia, na mpaka jana jioni kisanduku hicho nilikuwa sijakijaza.