Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria ni dhahabu

Sisi watu wa maabara tunaulizwa sana hili swali, eti ule mstari unaotokea kwenye kipimo cha malaria, kile cha plastiki wanachotumia hata VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea huko vijijini Uganda, ni damu ya mgonjwa? Hapana. Damu inasukumwa mbele na yale matone ya dawa na kinachobaki pale ni dhahabu. Dhahabu kabisa, kama ile inayochimbwa Busia na Mubende, ila iko kwenye punje ndogo mno, nyingi zina kipenyo cha nanomita 40 hivi, yaani ukizipanga punje elfu 25 ndio unapata milimita moja.

Sasa mbona nyekundu wakati pete ya dhahabu ni ya njano? Ndani ya metali kuna elektroni zisizofungwa mahali, na kwenye punje ndogo hivyo mwanga ukipiga, elektroni zote zinayumba pamoja huku na huku kama maji kwenye beseni ukilitikisa. Kila punje ina mdundo wake inaoupenda, na kwa dhahabu mdundo huo uko kwenye mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520, basi kijani kinamezwa na jicho lako linaletewa wekundu. Punje za madini ya fedha zenyewe zinameza kwenye nanomita 400 hivi kwa hiyo maji yenye punje hizo yanaonekana ya njano. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alitengeneza maji mekundu yenye punje za dhahabu huko London miaka ya 1850, na hesabu ya rangi hiyo ikaja kukamilishwa na mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908. Kuyapika si kazi ngumu, unachemsha chumvi ya dhahabu kwenye maji halafu unatia sitrati, chumvi ya asidi ya limau, ile rangi ya njano hafifu inapotea, maji yanakuwa meusi-meusi kidogo, halafu ghafla yanageuka rangi ya waini, mi hadi leo sichoki kuangalia.

Kwenye kipimo, punje hizo zimevikwa kingamwili zinazokamata protini ya vimelea vya malaria. Zinatembea na damu kwenye ile karatasi, zikikuta protini zinaishika, zikifika kwenye T, mstari wa jibu, zinanaswa na kujaa pale mpaka rangi inaonekana kwa macho bila mashine yoyote. Punje moja inameza mwanga mara maelfu kuliko molekuli moja ya rangi ya kawaida ndio maana dhahabu inatumika, pia haishiki kutu. Sasa basi, mstari wa T hata ukiwa hafifu vipi ni mstari, dhahabu kwa kawaida haikusanyiki pale kwa bahati tu kama umesoma ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukikiacha kikauke halafu ukisome jioni, usikiamini. C, ule mstari wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, isipotokea, tupa, chukua kingine. Na kwa falsiparamu, aina moja ya vimelea vya malaria, ile protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona kwahiyo usikimbilie kudai dawa tena kabla daktari hajaangalia.

Kitu kingine kizuri ni kwamba punje zikikaribiana sana ule mdundo unahama, maji mekundu yanakuwa ya zambarau au bluu, na watafiti wanatumia hilo kutafuta zebaki kwenye maji, wanatengeneza punje ambazo zebaki ikiingia zinakumbatiana. Kwa sehemu zenye wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki ni jambo la kutazamwa.

Ila wenye biashara ya mahindi na karanga wasichanganye. Vile vipande vya kupimia sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, vingi vinafanya kazi kinyume na cha malaria, sumu ikiwepo inajaza nafasi za kingamwili kwenye punje kabla hazijafika kwenye mstari, kwa hiyo T inafifia au inapotea kabisa. Mistari miwili mikali hapo maana yake sumu haijafika kile kiwango cha kipimo, na mstari mmoja tu wa C ndio wa kukufanya usinunue gunia.