Kukimbia peke yako Dar: ubebe nini, ukiweke wapi, na kipi ukiache nyumbani

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoanza kukimbia peke yao hapa Dar ni hili: "Kocha, nibebe nini?" Wengi wanategemea nitaje kisu, shoti ya umeme au spreyi ya pilipili. Mimi naanzia kwingine. Mkimbiaji tayari ana miguu iliyopata moto na pumzi ya kutosha, na kibaka hataki kushindana na mtu wa namna hiyo kwa zaidi ya mita chache. Kwa hiyo kazi ya chochote utakachobeba ni kukupa sekunde mbili tatu za kujinasua na kufika walipo watu. Kitu kisichokupa sekunde hizo, au kinachokushawishi ubaki kupambana, kiache nyumbani.

Saa na njia

Watu hudhani kwa kuwa tuko jirani na ikweta, jua letu halibadiliki. Linabadilika. Novemba jua huchomoza karibu saa 12 kamili asubuhi. Julai linachelewa hadi kama saa 12:35. Ukiwa na mazoea ya kutoka saa 11:15 alfajiri na kukimbia saa nzima, njia ileile uliyoimalizia kwenye mwanga Novemba utaimalizia kabla jua halijachomoza Julai. Jioni ni hivyohivyo: Mei jua linazama saa 12:10 na kitu, Februari karibu na saa 12:45, na giza letu huingia haraka. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni chepesi. Kama huwezi kuona sura ya mtu aliye mita 30 mbele yako, kaa kwenye barabara yenye taa na watu, au ahirisha.

Njia hiyohiyo hubadilika kwa siku pia. Toure Drive na Coco Beach Jumamosi asubuhi zimejaa wakimbiaji. Jumanne saa 11 alfajiri mambo ni mengine kabisa. Daraja la Tanzanite lina mwanga mzuri, lakini lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ukishaingia hakuna pa kuchepukia. Usilianze kama huoni wengine juu yake. Ufukweni, angalia maji. Wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, maji yakijaa, sehemu nyingi hubaki ukanda mwembamba kati ya mawimbi na ukuta, na mtu mmoja anatosha kukuzibia. Misitu kama ya Pugu nenda na kundi. Hapo sina mjadala.

Ukiichora njia yako, weka alama za watu, si za kilomita peke yake. Mlinzi wa geti anayekesha. Kijiwe cha bodaboda. Mama anayewasha mkaa wa chapati kabla ya adhana ya alfajiri. Wasalimie kila siku, "shikamoo mama", "habari za kazi kaka", hata kama pumzi imekwisha. Mlinzi anayekufahamu kwa sura atanyanyuka ukiita; asiyekufahamu atachungulia kwanza. Mimi nataka mkimbiaji aweze kutaja, mahali popote alipo kwenye njia yake, mtu gani yuko karibu zaidi: aliye mbele au aliye nyuma. Ukivamiwa hutakuwa na muda wa kufikiri upande wa kukimbilia.

Simu na kibegi

Tunaendesha kushoto, kwa hiyo barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu unaikimbia upande wa kulia, ukiangaliana na magari. Unaona kinachokuja. Hata hivyo, wapo bodaboda wanaopita upande usio wao, kwa hiyo geuza shingo kila baada ya dakika moja au unaposikia mlio wa injini unapungua kasi nyuma yako. Huo mlio wa kupunguza mafuta ndio wa kuuzoea: pikipiki inayokupita tu haina sababu ya kupunguza.

Wakwapuaji wa pikipiki kwa kawaida ni wawili, mmoja anaendesha na wa nyuma ndiye mwenye kazi. Wanatafuta kinachoonekana na kufikika bila kusimama: simu mkononi, simu kwenye mkanda wa bega upande wa barabara, kibegi kinachoning'inia. Simu iwe kwenye kibegi chembamba cha kiunoni, mfuko ukiwa tumboni, fulana ikiwa juu yake, na kifungo chake kiwe cha plastiki cha kubonyeza. Kamwe usivae mkoba wenye mkanda unaokatiza kifuani. Pikipiki ikiuvuta na mkanda ukagoma kuachia, unaburutwa wewe, na majeraha mabaya hutokea hapo.

Hedifoni, kama lazima, sikio moja. Ukiwa upande wa kulia wa barabara, magari yanakuwa kushoto kwako, kwa hiyo sikio la kushoto ndilo libaki wazi.

Kabla ya kutoka, tuma eneo lako mubashara kwa WhatsApp kwa ndugu mmoja aliyeamka. Chaguo ni dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 1 na mkubaliane afanye nini ukichelewa, mathalani apige simu mara mbili, asipopata jibu amtume mtu. Bila makubaliano hayo, anabaki kuangalia kidoti kwenye ramani. Kama unatumia Strava au programu nyingine ya kurekodi mbio, ficha mwanzo na mwisho wa njia yako, maana ramani inayoanzia getini kwako kila asubuhi saa ileile inampa mtu yeyote ratiba yako.

Vitu vitatu ninavyovipendekeza

Cha kwanza ni filimbi. Chukua isiyo na kipira ndani. Yenye kipira ikilowa jasho au mate, kipira hunata na mlio unakatika. Usiivae shingoni kwa kamba ngumu, kwa sababu kamba hiyo ni mpini wa kukukabia. Ifunge kwenye kamba ya mkono, au kwenye mkanda wa kibegi upande wa mkono unaoutumia zaidi. Puliza mara tatu fupi, pumzika, tatu tena. Mlio mmoja mrefu watu watadhani ni mlinzi wa maegesho au refa wa mazoezi.

Cha pili ni alamu ndogo ya kuvuta pini. Nyingi zinaandikwa desibeli 120 hadi 140 kwenye boksi. Usiamini namba, ijaribu. Mpe mtu asimame umbali wa nyumba nne, uvute, na akuambie kama ameisikia juu ya kelele za barabara. Ubora wake ni kwamba inaendelea kulia hata ikidondoka au ukiirusha, na mikono yako yote miwili inabaki huru. Udhaifu wake hapa kwetu ni chumvi. Jasho na hewa ya bahari hula miguso ya betri, inaota kutu ya kijani, na siku unayoihitaji haitoi sauti. Ifute kila ukirudi, fungua sehemu ya betri mara moja kwa mwezi, ona kama ni kavu, na ivute sekunde moja kuihakikisha. Pini iwe imefungwa kwenye kifundo cha mkono na alamu yenyewe kwenye mkanda, ili hata mtu akikuvuta mkono, pini ichomoke yenyewe.

Cha tatu ni tochi ya mkononi, lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 300, swichi moja kubwa nyuma. Hii ndiyo naitetea kuliko zote. Inakuonyesha chemba na mitaro iliyoibiwa mifuniko, ambayo kila mkimbiaji wa alfajiri Dar anaijua. Inawafanya madereva wakuone. Na mtu akikukaribia gizani, mwanga wa ghafla machoni unamnyima uwezo wa kuona vizuri kwa sekunde kadhaa, ambazo ndizo unazozitafuta. Wala hakuna askari atakayekuuliza kwa nini umebeba tochi. Epuka zenye hali tano za mwanga zinazobadilika kila ukibonyeza. Ukiwa na hofu vidole vinapoteza wepesi, na utajikuta unawasha mwanga hafifu.

Hilo la vidole ndilo linaloamua kifaa kinakaa wapi. Chochote kilichoko ndani ya zipu, au kinachohitaji mikono miwili, hesabu kwamba hakipo. Jaribu hivi: kimbia taratibu, rafiki apige kofi bila kukutaarifu, na kifaa kiwe mkononi tayari kutumika kabla hujapiga hatua tatu. Kama haiwezekani, badilisha kinapokaa, kisha jaribu tena.

Spreyi, kisu, funguo

Spreyi ya pilipili ya kawaida hufika kama mita 2 hadi 4, na kwetu pwani tatizo lake ni upepo. Kaskazi na kusi vyote vinavuma kutoka upande wa bahari, na ukikimbia ukiwa umeelekea baharini, ukungu wa dawa utakurudia usoni. Ya jeli hustahimili upepo zaidi lakini inahitaji ulenge macho. Kopo lina tarehe ya mwisho, mgandamizo wake hupungua, na halitakiwi kuachwa kwenye gari lililofungwa juani. Kabla hujainunua, pita kituo cha polisi kilicho karibu nawe uulize, na ukikubaliwa fanya mazoezi kwa kopo la spreyi lenye maji badala ya dawa. Mtu ambaye hajawahi kufungua kufuli ya spreyi huku akirudi nyuma ataishika kinyume.

Kisu nakikataa kabisa. Kukitumia lazima uwe umbali wa kushikwa, na aliyekuvamia huenda ana panga. Kikikutoka mkononi kimekuwa chake. Shoti ya umeme ya kugusisha ina kasoro hiyohiyo: unatakiwa uigandamize kwenye mwili wake kwa sekunde kadhaa, yaani ukae palepale ulipotakiwa uondoke. Funguo katikati ya vidole, wengi wamefundishwa hilo mitandaoni. Ukipiga, ufunguo unageuka na kukuchana wewe ngozi ya vidole. Kitako cha kiganja kwenye pua au kidevu kina nguvu zaidi na hakijeruhi mkono wako.

Sheria nayo ijue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini inaruhusu nguvu ya kiasi inayohitajika kwa ulinzi huo tu. Akishaanguka au kukimbia, ulinzi umekwisha. Usimfuate.

Usipige kelele za "mwizi"

Hili naliandika kwa uzito wote. Neno hilo mtaani kwetu huita watu wenye mawe na fimbo, nao hawaulizi. Mtu anaweza kuuawa kwa simu ya laki mbili. Anaweza pia kuwa mtu mwingine kabisa, na huyo anaweza kuwa wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeonekana unakimbia. Piga kelele "Nisaidieni! Navamiwa!" ukielekea kwenye mwanga.

Na ukisikia wengine wanapiga kelele za mwizi ukiwa mazoezini, acha kukimbia papo hapo. Tembea, viganja wazi, ondoa kofia ya fulana kichwani, nenda kwenye taa au kwa mlinzi na umsemeshe kwa sauti. Ndiyo sababu nyingine ya kuvaa nguo zinazotambulika kuwa za mazoezi, zenye rangi kali na kitambaa kinachong'aa, badala ya nyeusi juu hadi chini.

Ukishikwa

Wakiwa zaidi ya mmoja, au wana panga, toa simu. Irushe pembeni, mita tatu nne, kisha kimbia upande wa pili. Akienda kuiokota umeshapata umbali.

Ukikamatwa kifundo cha mkono na mtu mmoja asiye na silaha, usivute kwa mkono peke yake. Tafuta pengo kati ya kidole gumba chake na vidole vingine, elekeza upande mwembamba wa mkono wako kwenye pengo hilo, sogea karibu nusu hatua, halafu zungusha kiuno na bega kwa pamoja. Gumba haliwezi kushindana na mwili mzima. Akikukaba kwa nyuma, kwanza shusha kidevu kifuani ulinde koo, shika mkono wake kwa mikono yote miwili uuvute chini upate pumzi, kisha kiwiko kwenye mbavu na kisigino juu ya unyayo wake. Kwa dada anayevaa hijabu ya michezo, chagua ya kuvaa bila pini. Ikivutwa inatoka yote badala ya kukukaza shingo. Haya hayajifunzwi kwa kusoma. Yafanye na mwenzako, taratibu, hadi mwili uyazoee.

Mbwa ni jambo jingine. Simama, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole ukimkabili. Kuinama kama unayeokota jiwe huwatosha wengi. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Baada ya tukio

Polisi ni 112. Kama umejeruhiwa vibaya tangulia hospitali. Kama unaweza kutembea, pitia kituoni uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kutibiwa, na kama ni unyanyasaji wa kijinsia uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ikiwa imekwenda, azima nyingine yenye laini ya mtandao wako na upige 100 ili laini ifungwe pamoja na pesa iliyomo, kabla ya kitu kingine chochote. Mwizi anahangaikia namba ya siri ya pesa kuliko simu yenyewe. Kwa hiyo leo, ukiwa umetulia, bonyeza *#06#, andika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ya tarakimu 15 na namba yako ya NIDA kwenye karatasi, na uiache nyumbani. Kituoni wataihitaji ya kwanza, na dukani kurudisha laini watataka ya pili pamoja na alama ya kidole.