Je, wajua neno "mchapuko" limetoka wapi?

Mtoto anayejikokota njiani huku kengele ya shule imeshagongwa huambiwa: "Chapua miguu!" Anayemwambia hivyo hajali mtoto anakwenda kasi gani. Anachotaka ni kuona mwendo aliokuwa nao unaongezeka.

Wataalamu wa Kiswahili walipohitaji jina la kile ambacho Waingereza hukiita "acceleration", walilichukua neno hilo la njiani. Kutokana na chapua tunapata chapuka, na kutokana na chapuka tunapata mchapuko, kama vile zunguka ilivyozaa mzunguko. Chapuchapu nayo imo katika ukoo huo huo. Bahati mbaya wanafunzi wengi hawakutani na neno hili, kwa kuwa fizikia ya sekondari, Tanzania na Kenya, hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anakariri "acceleration" na kanuni yake, anafaulu mtihani, na bado ukimuuliza tofauti yake na kasi anasita. Naamini kusita kwake kungepungua kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba jambo lenyewe analijua, tena kwa lugha ya nyumbani.

Neno la Kiingereza asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na celer, yaani -epesi wa mwendo. Mwanahistoria Livius anasimulia kwamba Romulus, mfalme wa kwanza wa Roma katika masimulizi yao, alikuwa na walinzi 300 wenye silaha walioitwa Celeres. Wakaliwekea mbele ad, kiambishi chenye maana ya kuelekea, likawa accelerare: kuharakisha. Ile d ilimezwa na c iliyofuata, ndiyo maana tunaona c mbili. Sisi pia sauti zetu zikikutana hubadilishana sura: ulimi ukiwa katika wingi hausemwi "nlimi", husemwa ndimi.

Hebu tazama lugha hizi mbili zisizo na undugu wowote. Kilatini kinasema kuelekea wepesi, Kiswahili kinasema kuchapuka. Hakuna kati yake inayotaja wepesi uliokwisha kufikiwa. Zote zinataja badiliko, na badiliko ndilo mchapuko wenyewe: kasi inabadilika kiasi gani katika kila sekunde.

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, bila kupunguza wala kuongeza, halina mchapuko hata chembe. Abiria aliyesimama anaweza kuachia bomba na asitikisike. Lakini basi linaloondoka kituoni, ambalo dereva amekanyaga mafuta likafika kilomita 36 kwa saa ndani ya sekunde 5, linamrudisha abiria huyo nyuma. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Gawanya kwa 5, unapata mita 2 kwa sekunde, kwa kila sekunde. Hapo ndipo penye ile "sekunde mara mbili" inayowatisha wengi: sekunde ya kwanza imo ndani ya kasi, ya pili inahesabu kasi hiyo inavyokua. Breki nazo ni mchapuko, ila alama yake ni hasi.

Aliyetufundisha kulipima jambo hili kwa makini ni Galileo Galilei, Mwitalia aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Kitu kinachoanguka huenda upesi mno kwa vyombo vya wakati wake, basi akatafuta njia ya kuupunguza mwanguko wenyewe. Alichonga mfereji kwenye ubao mrefu, akauinamisha, akaviringisha humo kitufe cha shaba, yaani tufe dogo. Muda aliupima kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo huku kitufe kikishuka. Hakuwa na saa ya mkononi. Alikuwa na maji na mizani! Akagundua kwamba umbali unaopitwa katika vipindi vya muda vilivyo sawa hufuata namba witiri: 1, 3, 5, 7.

Tumpeleke kwenye mnazi. Nazi ikidondoka kutoka urefu wa mita 20, sekunde ya kwanza hushuka karibu mita 5, na sekunde ya pili karibu mita 15, mara tatu zaidi, kama Galileo alivyosema. Inafika chini baada ya sekunde 2 hivi ikiwa na kasi ya takriban kilomita 70 kwa saa. Wenye minazi hawakai chini yake bila sababu maalumu.

Matokeo ya ule ubao Galileo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1638 huko Leiden, Uholanzi, kwa kuwa Kanisa lilikuwa limempiga marufuku kuchapisha. Yeye mwenyewe alikuwa amefungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, na macho yalikuwa yamepofuka. Sehemu inayohusu mwanguko aliiandika kwa Kilatini, akauita mwendo huo "naturaliter acceleratus", ulioharakishwa kwa maumbile. Hivyo neno lililowafaa walinzi wenye haraka likakaa ndani ya kitabu cha sayansi.

Isaac Newton, mwaka 1687, aliunganisha badiliko la mwendo na nguvu inayolisababisha, na kwake mwelekeo pia ulihesabiwa. Ndiyo maana basi likikata kona bila kupunguza kasi, bado limechapuka: mshale wa spidi umetulia, lakini abiria wameegemeana upande mmoja.

Wapimaji wa mvutano wa dunia hadi leo hutumia kizio kiitwacho gali, kwa heshima ya Galileo. Gali 1 ni sentimita 1 kwa sekunde, kwa kila sekunde. Nazi yetu huanguka kwa takriban gali 980.