Kwa Nini Endometriosisi Huweza Kurudi Hata Ovari Zikiondolewa?

Mwaka 1998 madaktari nchini Marekani waliripoti habari za mgonjwa wa miaka 57 aliyekwisha kutolewa mji wa mimba na ovari zote mbili, lakini endometriosisi ikamrudia kwa maumivu makali. Ugonjwa huu ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, na hustawi kwa estrojeni, homoni ya kike inayotoka hasa kwenye ovari. Sasa, bila ovari, estrojeni hiyo ilitoka wapi?

Sehemu yake hutengenezwa palepale kwenye tishu iliyoota nje ya mji wa mimba. Tishu hiyo ina aromatesi, kimeng'enya ambacho utando wenye afya hauna kwa kiasi cha maana. Aromatesi huchukua androstenedioni, homoni inayotoka pia kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kuigeuza estroni, aina mojawapo ya estrojeni. Estroni ni dhaifu, ila kimeng'enya kingine, 17β-HSD aina ya 1, huigeuza estradioli, ambayo ndiyo kali.

Estradioli nayo huchochea COX-2, kimeng'enya kinachozalisha prostaglandini E2. Prostaglandini hiyo huleta maumivu na uvimbe, kisha hurudi kuiamsha aromatesi itengeneze estrojeni zaidi. Moto unajiletea kuni wenyewe.

Lakini kutengeneza ni nusu tu ya tatizo, na nusu ya pili husahaulika mno. Katika utando wa kawaida, projesteroni, homoni nyingine ya kike, huamsha kimeng'enya cha 17β-HSD aina ya 2, inayoirudisha estradioli kuwa estroni dhaifu. Kwenye endometriosisi vipokezi vya projesteroni ni vichache, hivyo ujumbe haufiki vizuri na breki hiyo hulegea. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za jamii ya projesteroni, ingawa wengi husaidika.

Mgonjwa yule wa 1998 alipewa anastrozoli, dawa inayozuia aromatesi, miligramu 1 kwa siku. Maumivu yaliisha, ila mifupa ya mgongo ilipungua uzito licha ya kupewa kalisi na dawa ya kuilinda.

Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, anastrozoli au letrozoli (miligramu 2.5 kwa siku) haitolewi peke yake. Estrojeni ikishuka, ubongo hudhani ovari zimezembea, hivyo tezi ya pituitari huongeza homoni ya FSH, na ovari zikisukumwa hivyo huota vifuko vya maji. Kwa hiyo daktari huiambatanisha na projestini (dawa ya jamii ya projesteroni) au vidonge vya uzazi wa mpango ili ovari zitulie. Hata hivyo si dawa ya kuanzia: huwekwa kwa wale ambao tiba za kawaida zimeshindwa, mifupa hufuatiliwa, na mjamzito hapewi kabisa.