Umeme tuli: kusugua hakutengenezi chaji

Hii sentensi ya "ukisugua unatengeneza umeme" nimeisikia barazani, nimeisikia kwa wanafunzi wa tuisheni, juzi tena kwa mtu mzima na digrii yake, basi leo wacha niseme.

Maana yenyewe ya umeme tuli ni fupi. Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na ndani yake mna chembe ndogo sana: protoni, ambazo ni chanya, na elektroni, ambazo ni hasi, na kwa kawaida zinalingana kwa hiyo kitu hakina chaji. Vitu viwili vikigusana halafu vikaachana, elektroni kadhaa zinabaki upande usio wake, na kama kitu chenyewe hakipitishi umeme zinakaa pale pale zilipofikia. Ndo utuli wenyewe huo.

Sasa hapo hakuna kilichotengenezwa. Chana nywele kavu kwa chanuo la plastiki kisha lisogeze kwa vipande vya karatasi, vitaruka vilishike. Ile hasi iliyo kwenye chanuo imetoka kichwani mwako, na nywele zimebaki chanya kwa kiasi kile kile, ndo maana zinasimama kila mmoja unamkimbia mwenziwe. Jumlisha chanuo na kichwa, jibu ni sifuri kama mwanzo. Ukinitumia shilingi mia kwa simu, yangu imeongezeka na yako imepungua, hakuna noti iliyochapishwa. Kusugua kazi yake ni kuzidisha sehemu zinazogusana, basi. (Kuna plastiki ambazo hata chembe za kitu chenyewe hubanduka na kuhama na chaji yao, lakini kuhama ni kuhama.)

La pili ndo linaniumiza kichwa zaidi: "imepata protoni ikawa chanya." Protoni ziko ndani ya kiini cha atomu, huwezi kuzing'oa kwa chanuo wala kwa msasa! Kitu kinakuwa chanya kwa sababu kimepoteza elektroni. Lawama kidogo mpeni Benjamin Franklin, yule Mmarekani mchunguzi wa umeme, yeye miaka ya 1740 alidhani umeme ni kimiminika kimoja, kikizidi akakiita chanya na kikipungua hasi, ila upande gani umezidi alikisia tu. Mwanafizikia Mwingereza J.J. Thomson kuja kutambua elektroni mwaka 1897, kumbe kinachohama ndicho kile kilichoitwa hasi, na vitabu vishaandikwa zamani, nani atavigeuza? Tukabaki na hii lugha ya kinyume, aliyeongezewa anaitwa hasi, aliyenyang'anywa anaitwa chanya.

Huku Malindi hatuzoei sana haya mambo manake hewa ina unyevu, vitu vinashika utando mwembamba wa maji na chaji inavuja taratibu kabla haijajaa. Mtu wa Pwani akienda bara wakati wa ukavu ndo hushangaa blanketi linatoa cheche gizani. Lakini kaskazi likikausha hewa, na gari limefungiwa AC safari nzima, hata hapa utashuka, ushike mlango, ta! Kisha utaambiwa gari lina shoti, lipeleke kwa fundi wa waya, na fundi akipenda atafungua na kufunga na pesa yako atakula. Betri ya gari ni volti 12, ukiigusa kwa mkono mkavu husikii kitu, na ile cheche mpaka uisikie kidoleni ni kama volti 3,000, betri itaitoa wapi? Ni nguo yako ya polista ilivyobanduka kwenye kiti, elektroni zikagawanyika, wewe ukashuka na fungu lako na viatu vya mpira havikuliachia lishuke ardhini.

Kwa hiyo anayelalamika gari lina shoti msimcheke, mwambieni tu ashike chuma cha mlango kabla hajainuka kitini, asikiachie mpaka mguu ukanyage chini.