Hospitali ya karibu si lazima iwe ndiyo salama zaidi

Watu wakiambiwa hospitali ya mtaani kwao haitapokea tena wagonjwa wa kiharusi, husema: tutafia njiani. Hofu hiyo naielewa, lakini London ilionyesha vingine. Mwaka 2010 huduma ya dharura ya kiharusi, iliyokuwa imetawanyika katika hospitali 30 hivi, ilikusanywa kwenye vituo 8. Vifo vilipungua. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya saa chache tu tangu kiharusi kianze, na humdhuru vibaya yule ambaye kiharusi chake kimetokana na kuvuja damu kwenye ubongo. Kwa hiyo lazima mgonjwa apigwe kwanza picha ya CT, inayoonyesha ndani ya ubongo, isomwe na mjuzi, hata iwe saa tisa usiku. Hospitali ndogo nyingi hazimudu hilo. Ila ambulensi zikichelewa, faida yote hiyo inapotea.