Je, Sheria Mpya ya Adhabu Humfikia Aliyekwisha Kuhukumiwa?

Adhabu ya kosa fulani inapopunguzwa, aliyefungwa kwa kosa hilo huuliza mara moja: je, na mimi? Nchini Kenya, Ibara ya 50(2)(p) ya Katiba ya 2010 humpa mshtakiwa haki ya kupewa adhabu iliyo nyepesi zaidi iwapo adhabu ya kosa lake imebadilishwa kati ya siku alipolitenda na siku anapohukumiwa. Uzito wote umo katika maneno hayo ya mwisho.

Tuseme watu wawili wametenda kosa lilelile siku moja. Kesi ya wa kwanza ikaenda haraka, akafungwa. Ya wa pili ikaahirishwa mara tatu kwa kukosa shahidi, na kabla hajahukumiwa sheria ikalegezwa. Huyu wa pili atapata nafuu, lakini mwenzake atabaki na kifungo chake, isipokuwa Bunge liwe limetamka kwamba sheria mpya inarudi nyuma. Sababu yake ni kwamba kesi lazima ziwe na mwisho. Hata hivyo, sijui ni nani angeweza kumweleza hayo mama wa yule wa kwanza akaridhika.

Hali ni tofauti pale sheria inapobatilishwa na mahakama kwa kukiuka Katiba. Kwa miaka mingi, jaji wa Kenya aliyemtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia aliweza kumsikiliza akieleza kwamba hilo ni kosa lake la kwanza, kwamba ana watoto wadogo na kwamba anajuta, akayaandika yote, kisha akatamka kifo, kwa sababu kifungu cha 204 cha Kanuni za Adhabu hakikumwachia hukumu nyingine. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote nchini, iliuondoa ulazima huo, ingawa haikuifuta adhabu ya kifo yenyewe. Muruatetu na mwombaji mwenzake hawakufunguliwa mlango waende nyumbani; walirudishwa Mahakama Kuu wakahukumiwe upya.

Hapo wafungwa wengi wakaandika maombi, wakiwemo waliofungwa kwa wizi wa kutumia nguvu na kwa unajisi wa watoto, na baadhi ya mahakama zikawakubalia. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Mfungwa wa mauaji anaweza kuomba kuhukumiwa upya, na jaji hupima umri wake, majuto yake, namna kosa lilivyotendwa na maumivu ya familia ya aliyeuawa. Wa makosa mengine aliambiwa aanzishe kesi yake mwenyewe Mahakama Kuu, kisha, ikibidi, ipande hadi Mahakama ya Rufani, safari ndefu mno kwa mtu asiye na wakili.